Bendera Nyekundu ya Kituo cha Nne

Siku ya kumi na mbili tangu bendera nyekundu ipandishwe ufukweni, Bibi alishindwa kuvaa soksi ya mguu wa kushoto. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akajaribu mara tatu kuufikia huo mguu, ukawa mbali naye kama wa mtu mwingine. Akaita.

"Mkwe wangu! Njoo unisaidie kabla sijamtukana mtu."

Mkwewe alikuwa jikoni akipanga barafu kwenye sanduku la kubebea chupa. Akaacha, akaja, akapiga magoti, akamvalisha. Mwanamke huyu kazi yake ni kupima maji ya bahari. Ofisi ya afya ya mji inamtuma kila Jumatatu akayachote, ili wanaoogelea wasirudi nyumbani na tumbo la kuhara na masikio yanayotoa usaha. Mtaa mzima unamwita Mama Chupa. Kwa hiyo aliyemvalisha Bibi soksi ndiye yuleyule aliyemfungia bahari, na wote wawili walilijua hilo vizuri sana.

"Leo afadhali kidogo, Mama?"

"Afadhali ya wapi? Jana nilifika kwenye kifundo. Leo mkono umeishia gotini."

Bibi alifanyiwa upasuaji wa nyonga miezi mitatu nyuma. Daktari wa viungo alimwambia dawa yake ni moja tu: kutembea kwenye maji ya kifuani kila asubuhi, maana maji hubeba uzito na kiungo kikalainika. Akamwambia pia, bila kumficha, kwamba akiacha mwezi mzima kiungo kitakaza, na kikikaza atarudi kwenye fremu ya chuma ya kutembelea, na safari hii huenda asiiache tena. Bibi si mtu wa kwenda popote peke yake. Akakusanya wanawake saba wa rika lake, kila mmoja na goti lake, mgongo wake au sukari yake, wakawa wanane, wakawa wanatembea majini kwa mstari, nguzo hadi nguzo, wakiongea kwa sauti za watu walioko ng'ambo mbili za mto. Mtaa ukawaita Kamati. Na Kamati, jamani, haikukosa ajenda hata siku moja.

Sasa Kamati haikuwa na maji. Ikahamia sebuleni kwa Bibi: inafika saa mbili, inaondoka saa sita, birika tatu za chai.

"Bendera yako itashuka lini?" Bibi aliuliza, mguu mmoja una soksi na mwingine bado.

"Tukijua uchafu unatoka wapi, Mama."

"Basi ujueni! Mmesoma bure?"

*

Ufukwe una vituo sita vya kupimia, na cha nne kiko mbele ya mdomo wa mfereji wa maji ya mvua, palepale Kamati ilipokuwa ikitembea. Mama Chupa aliingia mpaka kiunoni. Chupa haifunguliwi nchi kavu, na kidole hakigusi ndani ya kifuniko. Aliifungua pale pale, akaipindua mdomo chini, akaizamisha mpaka kiwiko kikalowa, akaigeuza ielekee mawimbi, akaacha nafasi ya kidole juu, akafunga. Kazi ya nusu dakika, lakini ameifanya miaka tisa na hajawahi kuifanya ovyo.

"Mama Chupa!" alipiga kelele muuza maji ya kunywa aliyekuwa amekaa kwenye ndoo yake tupu. "Hata mimi unanifungia? Nani anywe maji hapa, kaa?"

"Vumilia, kaka yangu."

"Navumilia. Lakini niambie wewe, watu hawaogi, mvua hainyeshi, huo uchafu nani anauleta?"

Swali lilikuwa zuri, na ndilo lililomnyima raha. Kule maabara maji hayo humiminwa kwenye trei yenye vishimo hamsini na kimoja, trei ikalazwa kwenye joto siku nzima, kisha ikawekwa chini ya taa ya zambarau. Kishimo kinachong'aa kina wadudu wanaotoka tumboni mwa mtu. Zamani kituo cha nne kilikuwa na vinne, vitano. Mwezi uliopita vikaanza kupanda, kumi na viwili, ishirini, na bendera ikapanda navyo. Ufukwe ukafungwa. Mtu angetegemea vishuke. Lo! Trei ya wiki hiyo ilikuwa na arobaini na viwili.

"Kinyesi cha binadamu, na kibichi," alisema Mkuu wa maabara, mwanamke mwembamba asiyepoteza neno. "Kuna choo kimeunganishwa na mfereji wa mvua. Tieni rangi."

Rangi yenyewe ni ya kijani, kali, haina madhara. Unaitia kwenye choo cha nyumba moja, unavuta maji, na mwenzako anakaa mdomoni mwa mfereji akitazama. Ikitokea kule, umempata. Isipotokea kwa dakika ishirini, unatia tiki, unakwenda nyumba inayofuata. Mfereji ule unapita nyuma ya nyumba thelathini na mbili.

"Msipoona kitu," Mkuu aliongeza, "nitawaachia wahandisi kazi hii, wachimbe barabara. Hiyo ni miezi mitatu, wakiharakisha. Mkiona na pakatengenezwa, nataka vipimo viwili safi vya kufuatana, nafungua."

*

Siku mbili Mama Chupa aligonga milango, na Dereva wa ofisi akakaa mdomoni mwa mfereji na simu, akiota jua. Kumgongea mtu mlango na kumwambia unataka kutazama choo chake si jambo dogo. Mmoja alimwambia, "Sisi si watu wa namna hiyo," kana kwamba kuna watu wasioenda chooni. Mwingine alimsimamisha barazani robo saa ili mkewe akapige deki kwanza. Wa tatu alimuuliza kama rangi ile haiwezi kumtia mtu mimba. Nyumba thelathini na moja, na simu ya Dereva ikijibu kila mara neno lilelile: "Hamna."

Ya thelathini na mbili ilikuwa kwake mwenyewe.

Alisimama mbele ya mlango wake na fomu mkononi, miguu inawaka moto. Mumewe ni fundi bomba, miaka ishirini na mbili katika kazi. Vyoo vya nusu ya mtaa ule amevifunga yeye. Mke wa daktari hapimi homa kila anayeingia ndani. Akatia tiki. *Safi.* Akampigia Dereva, "Tumemaliza, nenda kapumzike."

Tiki ile, sasa. Mwanamke ambaye hagusi ndani ya kifuniko cha chupa hata akiwa peke yake baharini, hakuna wa kumwona, alitia tiki kwa sababu ya mapenzi na uchovu.

Alipoingia ndani alimkuta Bibi anatoka chooni. Fremu ya chuma ilikuwa mikononi mwake. Mwezi mzima ilikuwa imesimama nyuma ya mlango ikitundikwa nguo.

"Usiniangalie hivyo," Bibi alisema. "Nimeichukua leo tu. Sakafu inateleza."

Sakafu haikuwa inateleza. Mama Chupa aliangalia choo kile nyuma ya Bibi, choo cha chini, kilichokuwa stoo. Mumewe alikijenga Bibi alipokuwa hospitali ili asipande ngazi: kiti kirefu kisichomlazimu mtu kukunja nyonga, vyuma viwili vya kushikilia, pazia la maua. Bibi alikuwa akiwaonyesha wageni kile choo kabla hajawaonyesha picha za wajukuu. Ni kipya, Mama Chupa aliwaza. Kila kitu mtaani ni cha zamani, isipokuwa hiki. Akatoa chupa ya rangi.

"Mama, naomba kutia kitu chooni kwako. Halafu nikipiga simu, vuta maji."

"Hata mimi nashukiwa?"

"Ni utaratibu tu, Mama."

Akaitia rangi, akashuka mpaka mdomoni mwa mfereji, mwendo wa dakika sita. Hapakuwa na mtu. Akapiga simu.

"Vuta, Mama."

Akasikia maji yakienda. "Nimevuta," Bibi alisema. "Kinavuta vizuri sana, mwanangu alikitengeneza kwa mikono yake."

"Vuta tena."

"Haya."

Akasubiri. Dakika ya tisa, uzi mwembamba wa kijani ulitokea kwenye zege, ukapanuka, ukamwagika juu ya mchanga, ukaingia baharini.

"Vipi huko?" Bibi aliuliza simuni. "Safi, eti?"

Mama Chupa alitazama kijani kile kikisambaa kwenye mawimbi.

"Umenyamaza," Bibi alisema, na sauti yake ikashuka. "Haya, rudi nyumbani."

*

Fundi alirudi saa kumi, mkoba wa spana begani. Mkewe alimwambia palepale uani, bila kuzunguka. Kwanza alicheka. Kisha akakasirika.

"Mimi? Mimi nifunge choo kwenye mfereji wa mvua? Unanijua au hunijui?"

"Fungua chemba, mume wangu."

"Sifungui kitu. Rangi yenu imepitwa na wakati."

"Fungua."

Akafungua mfuniko wa zege kwa hasira, akalala kifudifudi, akaingiza kichwa na tochi. Alikaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kitu kilicho wazi. Alipoinuka alikuwa na vumbi kwenye nyusi.

Chini ya ukuta wa stoo yalipita mabomba mawili, yote ya kijivu, yote ya upana mmoja. Moja la sinki la zamani, lililokwenda kwenye bomba kuu la maji machafu. La pili la maji ya paa, lililomwaga kwenye mfereji, na choo kilikuwa kimeungwa kwenye hilo.

"Hospitali walimruhusu Mama siku moja kabla ya tarehe yake," alisema taratibu. "Unakumbuka? Walipiga simu asubuhi, njooni mumchukue. Saruji bado mbichi. Nikasema Mama hawezi kufika hapa akakuta hana choo. Nikaunga, nikamwaga ndoo, maji yakaenda. Fundi akiona maji yameenda anaridhika. Sikuuliza yameenda wapi."

Akavua shati, akaingia kazini. Ilimchukua saa mbili kuunga upya, na mkewe akamshikia tochi. Walipotia rangi mara ya pili mfereji ukabaki mkavu. Wakakaa mezani, fomu kati yao, jua bado liko dirishani.

"Imekwisha," Fundi alisema. "Kesho maji ni safi. Sasa andika bomba la zamani lilipasuka."

"Mkuu atakuja kuliangalia. Halipo."

"Basi andika hamkuona kitu."

"Nikiandika hatukuona, tunapewa wahandisi. Miezi mitatu."

Wote wawili wakageuka kuangalia mlango wa chumba cha Bibi. Fremu ilisikika ikigonga sakafu, hatua moja, kituo, hatua nyingine.

"Kuna nafasi ya jina la fundi," alisema Fundi, akisoma fomu kichwachini. "Mke wangu, nani atanifungulia mlango wake tena? Nitaitwa majina mpaka nife."

"Najua."

"Hujui. Wewe una mshahara wa ofisi. Mimi nina jina tu."

Maneno yale yalimuuma, kwa sababu yalikuwa kweli. Akaigeuza fomu, akamwonyesha ile tiki.

"Hii niliitia bila kupima," alisema. "Kwa sababu ni kwako. Itabidi niandike hilo pia, na jina langu litakaa juu ya lako."

Fundi aliitazama tiki ile. Kisha akamtazama mkewe, mwanamke anayemfahamu kwa kukagua hata mayai mara mbili, na uso wake ukalegea.

"Ulitia tiki?"

"Nilitia."

"Kwa ajili yangu?"

"Na miguu ilikuwa inauma."

Akacheka, kicheko kifupi cha mtu asiyetaka kucheka. "Lete kalamu," akasema. "Mwandiko wako haueleweki, watakuja kumshika fundi mwingine."

Akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa.

*

Mkuu alisoma fomu mara mbili, miwani ikiwa puani.

"Nyumba thelathini na moja ulizipima. Ya kwako ukaiamini."

"Ndiyo, Mkuu."

"Barua ya onyo itakuja, na itakaa kwenye faili lako." Akagonga muhuri. "Mwambie mumeo nimeshukuru. Wengine huandika ni panya."

Kwa Fundi mambo hayakuwa mepesi hivyo. Kufikia Jumatano alikuwa ameshabatizwa Fundi Bahari. Dukani alipokwenda kununua gundi ya mabomba, mwenye duka alimuuliza mbele ya watu, "Sinki langu nalo lielekee wapi, Fundi, baharini au mtoni?" Watu wakacheka mpaka wakashika rafu. Wateja wawili wakapiga simu kusema kazi imeahirishwa, na sauti zao zilikuwa za adabu mno. Siku hiyo alirudi nyumbani mapema, akakaa uani, hakutaka chai.

Asubuhi yake akachukua spana na tochi, akaanza nyumba ya kwanza aliyowahi kufunga choo mtaani. "Nimekuja kukagua kazi yangu," alisema, akafungua chemba mbele ya mwenye nyumba, akamwita aangalie na macho yake. Alikagua kumi na tisa kwa siku tatu. Zote zilikuwa sawa. Lakini jina la Fundi Bahari halikumtoka, na mpaka leo hii lipo.

*

Bibi naye alikuwa na lake. Alhamisi aliiita Kamati yote, akangoja chai imiminwe, akasimama. Kusimama kwenyewe kulimchukua dakika nzima, na wanawake saba walijifanya hawaoni.

"Nina jambo, na mtaani mmeshalisikia nusu," alisema. "Ule uchafu uliotufungia maji. Umetoka hapa. Ni choo changu, kile nilichowaringia. Mwanangu alikosea bomba, haraka zake zilikuwa kwa ajili yangu, kwa hiyo asilaumiwe mtu. Mlikuwa mnatembea katika… katika mambo yangu. Anayetaka kuondoka kwenye Kamati aondoke, sitamnunia."

Kijiko kililia kwenye kikombe, kikanyamazishwa. Bibi alishika fremu yake, macho chini, na masikio yalimwaka kwa aibu. Katika miaka sabini na moja hakuwahi kuomba radhi kwa jambo la namna hiyo.

Mwalimu mstaafu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na ndiye katibu wa Kamati, aliweka kikombe chini.

"Ngoja kwanza," alisema. "Wewe ni mtu mmoja. Mtu mmoja hajazi vishimo arobaini na viwili."

"Sasa niseme nini, ndivyo ilivyokuwa."

"Mimi kwangu siendi chooni asubuhi," Mwalimu aliendelea, kama anayeandika ubaoni. "Nangoja nifike hapa. Kiti chako ni kirefu, na kuna vyuma vya kushikilia. Kwangu nikikaa, kuinuka ni mpaka nimwite mjukuu. Nasema uongo?"

Mwenye mgongo akakohoa. "Hata mimi nangoja."

"Mimi huja mara mbili," alisema mwenye sukari. "Wakati mwingine tatu."

Mikono ikaanza kuinuka mmoja mmoja, kama darasani, mpaka yote saba ikawa juu.

"Kwanza tulikuwa tunakupitia tu kwenda majini; bendera ilipopanda," Mwalimu alisema, "tukahamia hapa asubuhi nzima na birika tatu. Ndiyo maana hesabu ikapanda! Jamani, bahari tumeichafua Kamati nzima, tukakaa hapa tukiilaumu serikali."

Aliyeanza kucheka ni mwenye sukari. Kisha nyumba nzima ikalipuka, wanawake wakafuta machozi na vitambaa vya meza, na Bibi, aliyetaka kulia, akajikuta anacheka huku ameshika nyonga na kusema aa, aa, niacheni, inauma. Mama Chupa alikuwa jikoni akisikia yote. Aliegemea friji, akapumua kwa mara ya kwanza wiki ile.

*

Kipimo cha kwanza kilikuwa na vishimo vitatu vinavyong'aa. Cha pili, siku nne baadaye, viwili. Mama Chupa alivihesabu, akamwita Mkuu avihesabu, kisha akavihesabu tena. Siku ya ishirini na tano bendera ya kijani ilipanda kituo cha nne, na muuza maji ya kunywa akampigia saluti.

Kamati ilifika saa moja na nusu na nguo zake za kuogea na kofia zake za plastiki, ikapanga mstari ukingoni, ikasimama. Hakuna aliyeingia. Maji yalikuja, yakalamba vidole, yakarudi.

"Vipi?" Mama Chupa aliuliza. "Ni safi. Nimeyapima mwenyewe."

"Hatuna shaka nawe, mwanangu," alisema Mwalimu. "Ila mwenye choo atangulie."

Fundi alikuwa amesimama mbali, karibu na nguzo. Hakuwa ametia mguu ufukweni tangu siku ile ya rangi, na hata sasa alikuja kwa sababu mama yake alihitaji mtu wa kumbebea fremu. Bibi aligeuka, akamwona anavyojificha.

"Wewe! Njoo unishike mkono. Fremu haiogelei."

"Mama, nimevaa suruali."

"Nimekuambia uvue?"

Akaja. Akaiacha fremu mchangani, akamshika mama yake mkono, wakaingia. Magotini Bibi alikunja uso. Kiunoni alisimama, akapumua, na wanawake saba nyuma yake wakasimama pia. Mkono wake ulikuwa umembana mwanawe mpaka kucha zikaingia. Hatua nyingine, na nyingine. Maji yalipofika kifuani, Fundi alihisi ule uzito unapungua kidogo kidogo kwenye kiganja chake, mpaka akawa ameshika mkono mtupu wa mama yake, mwepesi, usiomwegemea tena.

"Haya, toka," Bibi alimwambia. "Umetuzibia njia."

Akamwachia, akatembea.